Raudha na Pipa la Maji ya Moto

Mwantumu aliitua ndoo kutoka kichwani, akamimina maji, akachungulia. Pipa lilikuwa bado halijafika nusu.

"Hili pipa linakunywa kuliko ng'ombe," alisema.

Mumewe, Bwanali, alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga. Alikuwa anachochea moto chini ya sufuria kubwa, ile ya kupikia wali wa shughuli. Moshi ulimwingia machoni, lakini alikuwa anatabasamu.

"Bado safari kidogo tu, Mama Raudha. Usichoke."

"Mimi nisichoke? Wewe leo umebeba ndoo ngapi?"

"Mimi nimeleta kuni."

"Kuni umeleta juzi, na nusu yake nilizibeba mimi!"

Bwanali alicheka. Mwantumu hakucheka. Alichukua ndoo yake akarudi kisimani.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2008, kijijini kwao Naipingo, wilaya ya Nachingwea. Mvua zilikuwa bado. Jua lilichoma tangu asubuhi. Kisima cha bondeni kilikuwa kinatoa maji kidogo kidogo, na wanawake walikaa kwenye foleni wakisubiri yajikusanye. Korosho nazo zilikuwa zinaanguka, zinasubiri kuokotwa. Kwa kweli haukuwa wakati wa mtu mzima kuhangaika na pipa.

Tena pipa lenyewe lilikuwa la Mwantumu. Alikuwa anahifadhia maji ya kunywa, na lilikuwa na mfuniko wake mzuri. Siku moja alirudi shambani akamkuta Bwanali amelikata katikati kwa tindo na nyundo. Pipa lilikuwa limekaa bafuni, uani, ndani ya uzio wa mabua.

"Pipa langu limekukosea nini?" Mwantumu aliuliza siku hiyo.

"Ni la Raudha," Bwanali alijibu. "Mwanao anataka kushinda, au hutaki ashinde?"

Hapo Mwantumu alichukua ndoo. Nani hataki mtoto wake ashinde?

Raudha alikuwa na miaka kumi na sita, anasoma sekondari. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Alipoanza kukimbia shuleni, wavulana walimcheka. Baadaye walianza kubaki nyuma yake, wakaacha kucheka. Sasa alikuwa amechaguliwa kwenda kukimbia Ruangwa mjini. Wasichana wa Nachingwea na wa Ruangwa wangeshindana huko. Wawili wa kwanza wangepelekwa kambini Mbeya, kwenye nyanda za juu, kufanya mazoezi wakati wa likizo. Na atakayefanya vizuri kambini angesomeshwa bure mpaka kidato cha sita.

Raudha aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mama yake alijua. Alimsikia akiitaja hata katika sala.

Habari ya maji ya moto ililetwa na Mikidadi. Huyu alikuwa kijana wa kijiji hicho hicho, na mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kwenye kambi ile ya Mbeya. Siku moja alikuwa ananyolewa kinyozini, akawa anasimulia.

"Kule kuna chemchemi," alisema. "Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, yanafuka. Tukimaliza mazoezi magumu, kocha anatupeleka tunaoga. Miguu inalegea, uchovu unapungua."

Bwanali alikuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake. Aliposikia hivyo aliinuka.

"Nimeelewa," alisema.

"Subiri, mzee, sijamaliza."

"Nimeelewa, kijana wangu! Nimeelewa yote!"

Akaondoka bila kunyolewa. Njiani alifikiri: kama wakimbiaji wakubwa wanaogeshwa maji ya moto, mwanangu ana kosa gani? Na alipofika nyumbani alimkuta dada yake, Zulekha, ambaye anasifika kijiji kizima kwa kukanda wazazi.

Kukanda mzazi ni kazi inayoheshimiwa. Mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto na majani, ili mwili urudi. Shangazi Zulekha aliisikiliza habari ya chemchemi mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo dogo.

"Hiyo mimi naijua," alisema. "Mzazi mwili umefunguka, mkimbiaji mwili umefunguka. Ni kitu kimoja. Maji yawe ya moto mpaka aseme basi, halafu tuongeze kidogo. Tuweke majani ya mwarobaini. Tumfunike blanketi. Na asiguse maji baridi, wala kuyanywa, mpaka jua lizame. Atakunywa uji wa moto baadaye."

Basi ikawa hivyo, kila jioni. Raudha alirudi kutoka mazoezini jasho likimtiririka, akaingizwa kwenye pipa, akafunikwa blanketi. Shangazi alikaa mlangoni mwa bafu kama askari.

Siku za kwanza Raudha alisema, "Nasikia raha." Bwanali alitembea kijijini kifua mbele. Lakini baadaye mtoto alianza kulalamika kichwa. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na aliona haya kumwambia mtu. Usiku hakupata usingizi. Asubuhi miguu ilikuwa mizito. Mwalimu wa michezo alimwambia, "Raudha, mbona unarudi nyuma? Wiki hizi unakimbia kama umebeba mzigo."

Bwanali aliposikia hayo hakusita.

"Moto ni mdogo," alisema. "Tuongeze kuni."

"Tuongeze kuni!" Mwantumu alipiga paja. "Baba Raudha, mtoto anakonda, wewe unaongeza kuni?"

"Dawa lazima iume kwanza."

"Wifi, wewe hukukandwa ulipomzaa huyu?" Shangazi Zulekha aliuliza. "Nilikukanda kwa mikono hii. Ulikufa?"

"Nilikandwa, sikufa. Lakini sikuwa nimetoka kukimbia mpaka Nambambo juani!"

"Maneno mengi. Maji yako wapi?"

Mwantumu alichukua ndoo. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake yote ilikuwa juu ya maji na kuni. Hakuwa na neno la uhakika la kuwaambia. Aliona tu kwamba jambo hili halikai sawa, na kila alipofungua mdomo walimjibu wawili.

Alhamisi moja Raudha alirudi midomo imekauka. Alijishika kwenye nguzo ya kibanda cha jiko.

"Mama, naomba maji."

Mwantumu alinyanyua kata. Shangazi aliudaka mkono wake.

"Aa! Maji baridi na anaingia kwenye moto? Mnataka tumbo limsokote?"

"Tone tu, Shangazi," Raudha alisema.

"Tone ndilo linaloharibu. Ingia bafuni, mwanangu."

Raudha aliingia. Akafunikwa blanketi. Mwantumu alikaa chini akapeta mbaazi kwa nguvu mpaka nyingine zikaruka nje ya ungo. Alikuwa anasema peke yake. Nyumba gani hii, mtu anatoka juani anapikwa kama muhogo?

Kisha akasikia kimya.

"Raudha?"

"Mmh."

Akapeta tena kidogo.

"Raudha!"

Hakujibiwa. Mwantumu aliutupa ungo, akampita Shangazi, akaingia. Raudha alikuwa amesimama ndani ya pipa, anajaribu kutoka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mama yake. Akayumba, akamwangukia begani. Mwili wake ulikuwa unawaka.

"Jamani, mtoto! Jamani, njooni!"

Jirani yao, Nesi Laurencia, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zahanati. Huyu alikuwa mwenyeji wa Rungwe, Mbeya, aliyehamishiwa kazi Naipingo. Alisikia ukelele akapita kwenye uwazi wa ua bila hata kupiga hodi.

"Mtoeni hapo! Mleteni kivulini. Mlazeni chali, miguu juu ya kigoda. Mama Raudha, lowesha khanga, mfute mwili mzima. Baba Raudha, usisimame tu, chukua ungo umpepee!"

Bwanali alichukua ungo akapepea kama anayefukuza nyuki. Mwantumu alimimina maji kwenye khanga.

"Maji baridi!" Shangazi Zulekha alipiga kelele. "Mnamuua mtoto! Mnamuua!"

Mwantumu aligeuka.

"Wifi, nyamaza! Nimewasikiliza mpaka mtoto ameanguka. Sasa nyamazeni nyote!"

Shangazi alirudi nyuma. Hata Bwanali alisahau kupepea.

"Pepea, Baba Raudha," Nesi alisema.

Raudha alivuta pumzi ndefu. Akapepesa macho.

"Unaitwa nani?" Nesi alimuuliza.

"Raudha."

"Huyu ni nani?"

"Mama. Naomba maji."

"Sasa mpeni. Kidogo kidogo, akiwa amekaa. Angekuwa haamki, au anaongea maneno yasiyoeleweka, nisingeruhusu anyweshwe kitu. Tungemkimbiza zahanati huku tukiendelea kumpoza."

Nesi alichukua lita moja ya maji safi ya kunywa. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akakoroga. Raudha alikunywa kikombe, akapumzika, akanywa kingine. Rangi ikaanza kurudi usoni. Mwantumu alimshika mkono, hakuuachia.

Baada ya muda Nesi alikwenda bafuni. Alitia kiwiko chake kwenye maji, akakitoa haraka.

"Nani alikuwa ananyonyolewa humu, kuku?"

Shangazi Zulekha aliliokota blanketi, akalikunja.

"Kila jioni naona moshi hapa," Nesi aliendelea. "Nikasema, jirani zangu hawa wana akili, wanachemsha maji ya kunywa. Niliwasifu hata kwenye mkutano wa akina mama! Kumbe mnachemsha mtoto!"

"Nesi, hii ni elimu ya Mbeya," Bwanali alisema. "Huko kwenu wanariadha wanaoga maji ya moto. Mikidadi ameyaona."

"Mwiteni Mikidadi."

Mikidadi aliletwa. Alipoliona pipa na kusikia kilichotokea, alishika kichwa.

"Mzee, nilikwambia subiri! Sikuwa nimemaliza!"

"Malizia sasa," Mwantumu alisema. "Sisi sote tunasikiliza."

"Kule kambini ni milimani," Mikidadi alisema. "Jioni kuna baridi, unavaa sweta. Ukimaliza kukimbia huendi kwenye chemchemi. Kwanza unatembea polepole mpaka moyo utulie. Unakunywa maji, tena mengi, maana hewa ya juu ni kavu. Unakula. Unapumzika. Ndipo mnakwenda. Na pale yanapotokea, maji yanaweza kukubabua ngozi. Tunaoga chini, yanapochanganyika na maji ya mto. Kocha anayapima kwanza kwa mkono wake. Ni ya uvuguvugu tu, ya kustarehe. Mnakaa muda mfupi, mnatoka."

"Kila siku?" Nesi aliuliza.

"Wapi! Siku moja moja, baada ya mazoezi magumu."

Mwantumu alimtazama mumewe. Bwanali alikuwa anatazama ungo.

"Yaani," Mwantumu alisema polepole, "nimebeba maji mwezi mzima kwa ajili ya nusu ya habari?"

Nesi alikaa kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikilizeni, jirani zangu. Maji ya uvuguvugu si mabaya. Yanalegeza misuli iliyokaza, na mtu anajisikia vizuri. Mimi nimekua karibu na maji hayo. Lakini mtoto anayetoka kukimbia ana joto ndani ya mwili, na jasho limemtoa maji. Mwili unataka kupoa. Ninyi mnauongezea joto juu ya joto, mnaufunika na blanketi, halafu mnaunyima maji. Damu inakwenda kwenye ngozi kutafuta namna ya kupoa, kichwani inapungua. Akisimama ghafla, anaanguka. Na joto likizidi sana, linaua."

"Na mkojo mweusi?" Raudha aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama yake alishtuka. "Una mkojo mweusi? Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza."

"Mkojo wa namna hiyo mara nyingi ni mwili unaolia kiu," Nesi alisema. "Kunywa mpaka uwe wa rangi hafifu. Kesho utakuja zahanati niupime. Ukiwa mweusi hata baada ya kunywa, tutakwenda hospitali. Jambo kama hilo, mwanangu, usione haya kulisema."

Shangazi Zulekha alikuwa amekaa mbali kidogo, amejikunyata.

"Mimi nimekanda wazazi miaka yote," alisema. "Basi nimekuwa nikiwaua?"

"Hapana, Shangazi. Mikono yako inajulikana. Lakini mkimbiaji si mzazi. Na hata mzazi, maji yasimuunguze, na asizuiwe kunywa. Mzazi anatoa maziwa, anahitaji maji kuliko sisi sote. Hilo nitakuja tuzungumze, mimi na wewe."

Shangazi alinyanyuka akaenda kumjazia Raudha kikombe, akampa kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa afanye nini ili apone uchovu?" Bwanali aliuliza. "Ruangwa imekaribia."

"Siku hizi chache apumzike, asikimbie mpaka nimwone yuko sawa. Akianza tena, akimbie asubuhi mapema, siyo saa ya jua kali. Atembee akimaliza, anywe maji, ale ugali wake na mbaazi au dagaa. Alale mapema. Usingizi ndio unaojenga miguu, hakuna pipa linaloushinda. Baada ya siku ngumu apewe siku nyepesi. Akiteguka mguu ukavimba, msimkande kwa moto, mpeni kitambaa cha maji baridi, mje kwangu. Na akitaka maji ya uvuguvugu, aoge ndoo moja jioni, akiwa amekwisha kupoa na kunywa. Kiwiko kikistahimili bila kuungua, yanatosha. Mtu awe karibu, naye ainuke taratibu."

"Ndoo moja?" Bwanali aliuliza. "Si kidogo hiyo?"

Mwantumu alisimama. Alichukua ndoo, akaiweka mbele ya miguu ya mumewe.

"Mwenye kutaka maji mengi, kisima kiko bondeni."

Mikidadi aligeuka upande akacheka. Bwanali, ili asionekane ameshindwa, kesho yake alikwenda kisimani kweli. Wanawake wa foleni walimpisha mbele, wakamwuliza kama ameoa upya au amefukuzwa. Alirudi na ndoo moja, nusu imemwagika mgongoni. Tangu hapo hakudai maji mengi tena. Pipa lililokatwa Mwantumu aliligeuza la kulowekea muhogo, na Bwanali akalazimika kumtafutia jingine zima, lenye mfuniko.

Raudha alipimwa, akaonekana mzima. Akaanza tena polepole, asubuhi, na chupa ya maji mkononi. Mwantumu alimwuliza habari za mkojo kila siku bila aibu, mpaka mtoto akawa anajibu kabla ya kuulizwa. "Hafifu, Mama, hafifu!" Kichwa kiliacha kuuma. Usingizi ulirudi. Mwalimu wa michezo aliuliza, "Mzigo umeushusha wapi?"

Siku ya Ruangwa uwanja ulijaa. Msichana mmoja wa Malolo, Valentina, alitoka mbele tangu mwanzo, wala hakuna aliyemkaribia. Nyuma yake walikimbia watano wamebanana, na Raudha alikuwa wa mwisho kati yao. Mwantumu alijifunga khanga, akafumba macho. Alifikiri juu ya siku zile zote zilizoungulia kwenye pipa. Kama mtoto angekosa nafasi kwa sababu ya siku hizo, angemwambia nini?

"Fumbua!" Bwanali alimtikisa bega. "Fumbua, mama, anapita!"

Raudha alikuwa anapita. Alimpita mmoja, akampita mwingine. Kwenye kona ya mwisho wenzake walikuwa wamekwisha nguvu, yeye bado alikuwa na pumzi. Alifika wa pili.

Bwanali alirukaruka mpaka kofia ikaanguka. Mwantumu hakuruka. Alikimbia na chupa ya maji kwenye mstari, akampa mwanawe kabla mtu yeyote hajampa mkono.

Raudha alikwenda Mbeya likizo ile, akarudi na barua ya kusomeshwa bure. Jioni ya kwanza walikaa uani wote, na Nesi Laurencia akiwepo. Bwanali hakuweza kuvumilia.

"Haya, tuambie. Chemchemi yenyewe umeiona?"

"Nimeiona, Baba. Nimeoga."

"Ikoje? Ni ya moto kuliko yetu?"

"Pale tunapooga si ya moto kama yetu." Raudha alimtazama mama yake, akaanza kucheka. "Lakini Mama, pale kuna jambo zuri kuliko yote."

"Jambo gani?"

"Hakuna mtu anayebeba kuni."

Mwantumu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha alimgeukia mumewe.

"Umesikia, Baba Raudha? Na leo amemaliza kusema, unaweza kuinuka."